Kuhamia Ng'ambo na Familia Kutoka Kisumu, Nakuru na Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye foleni za pasipoti, vikao vya chama na sebule za watu walioniita tupige hesabu pamoja. Niliishi Ujerumani miaka minne na mke wangu na watoto wawili kabla hatujarudi Kisumu, kwa hiyo mahali pengine nitasema niliyoyaona kwa macho. Ada na sheria zilizotajwa ni za kufikia mwisho wa 2025. Hubadilika mara kwa mara, basi angalia tovuti ya serikali ya nchi unayoiendea kabla ya kulipa chochote.

## Kabla ya kuamua

1. Tuanze kwa kuchagua nchi au kwa kuhesabu pesa?

Wengi huanza na nchi kwa sababu binamu yuko huko. Mimi ningeanza na swali jingine: nani katika nyumba hii ana ujuzi unaotafutwa, na je, viza ya ujuzi huo inaruhusu familia? Muuguzi wa Kakamega na dereva wa lori wa Nakuru wanaweza kuitamani nchi moja lakini wakaingilia milango tofauti kabisa, mmoja akiwa na watoto mkononi na mwingine peke yake. Ukishaujua mlango wako, ndipo uchukue kalamu. Nimeona watu wakiuza shamba kwanza, kisha wakaambiwa watoto hawaruhusiwi.

2. Nchi gani iliyo salama zaidi kwa familia?

Swali hili huulizwa kana kwamba nchi nzima ni boma moja lenye lango moja. Wewe unayeishi Kisumu unajua si hivyo. Milimani na Nyalenda zinatenganishwa na barabara tu, lakini mtu wa Milimani akitembea usiku hafikirii mambo yale yale. Siku ya maandamano Kondele hufungika huku Riat watu wanakunywa chai. Nakuru nako kuna mtaa unaoitwa London, na hakuna mwenyeji anayedhani sehemu zake zote ni sawa. Ila akiambiwa kazi imepatikana London ile nyingine, yenye manispaa 32 na kitovu chake cha kale, huona kama ni ploti moja.

Kwa hiyo usiulize habari za nchi. Uliza anwani. Nyumba iko wapi, kazi inaisha saa ngapi, basi la mwisho linapita saa ngapi, mtoto atatembea njia gani kwenda shule. Kwa England na Wales, tovuti ya police.uk hukuonyesha uhalifu ulioripotiwa mtaa kwa mtaa ukiandika msimbo wa posta. Mtu wa huko akikwambia "eneo ni zuri", mwombe msimbo huo.

Kuna hofu nyingine ambayo watu hawaitaji kwa jina. Familia nyingi za Nakuru zinapouliza usalama huwa zinakumbuka ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007 na miezi ya mwanzo ya 2008, na kila baada ya miaka mitano moyo huanza kudunda upya. Sitamwambia mtu hofu hiyo ni ya bure. Ninachosema ni kwamba huko utaiacha hofu moja na kukabidhiwa nyingine ndogo ndogo: kuwa mgeni, kutojua wa kumpigia simu usiku, mtoto kutukanwa kwa rangi yake (tazama swali la 14). Ziweke zote kwenye mizani.

3. Mshahara wa huko ukigeuzwa kuwa shilingi ni mkubwa sana. Mbona waliokwenda wanalalamika?

Kwa sababu unageuza shilingi mapema mno. Tuchukue Uingereza. Aprili 2025 kima cha chini kwa mtu mzima kiliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukifanya saa 37.5 kwa juma, mwezi unakupa karibu pauni 1,980. Kwa shilingi 170 hivi kwa pauni, hiyo ni zaidi ya 335,000, na mwalimu wa Vihiga akisikia hivyo hapati usingizi.

Sasa toa. Kodi ya mapato na bima ya taifa zikikatwa, zinabaki kama pauni 1,720, na bado hujakatwa pensheni. Nyumba ya vyumba viwili katika mji mkubwa inaweza kumeza nusu ya hizo au zaidi. Inafuata kodi ya baraza la mtaa, stima na gesi ya kupasha nyumba joto, maji, simu, nauli, chakula. Familia ya watu wanne yenye mshahara mmoja wa aina hii inaishi kwa kubana sana. Kinachobaki mwisho wa mwezi, hicho ndicho cha kugeuza kuwa shilingi. Mara nyingi ni kidogo, na kuna miezi hakuna kitu.

Jambo ambalo hesabu za WhatsApp huliacha ni hili: gharama za hapa hukunjika. Mwezi ukiwa mbaya Kisumu, unanunua mafuta ya kupima, unga nusu kilo, unamwambia mwenye nyumba asubiri hadi tarehe 10, mama mboga anakuandika kwenye daftari lake, na mjomba kutoka Siaya analeta mahindi. Huko bili hutoka benki zenyewe tarehe ile ile, ule usile. Hakuna kadogo ya gesi ya kupasha joto. Ndiyo maana mimi huwaambia watu waweke akiba ya miezi mitatu ya gharama za huko, kando na nauli na ada. Ukishindwa kuifikisha, bado hujawa tayari kubeba watoto.

4. Ni lazima twende sote kwa pamoja?

Hapana, na wengi hawafanyi hivyo. Mmoja hutangulia miezi sita au mwaka, hutafuta nyumba na shule, kisha wengine hufuata. Faida yake ni kwamba makosa hufanywa na mtu mmoja. Hasara ni kuendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja, na ndoa ya simu. Ukichagua njia hii, hakikisha kwanza kwamba viza yako itaruhusu wafuate. Sheria inaweza kubadilika kabla zamu yao haijafika, kama ilivyotokea kwa wengine katika swali la 5.

## Nani anaruhusiwa kuja na familia

5. Uingereza bado inaruhusu mume, mke na watoto?

Inategemea mlango. Watunzaji wa wazee walizuiwa kuleta familia kuanzia tarehe 11 Machi 2024, na kuanzia tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawawezi tena kuajiri watunzaji wapya moja kwa moja kutoka ng'ambo. Mtu akikuuzia leo "kazi ya utunzaji Uingereza pamoja na familia", anakuuzia mlango uliopigwa misumari. Wanafunzi nao, tangu Januari 2024, hawaleti familia isipokuwa wale wa uzamivu na shahada za utafiti.

Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kuja na mwenzi na watoto. Kwa kazi nyingine za ujuzi, kima cha jumla cha mshahara kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka mnamo Julai 2025, na si waajiri wengi watakaomlipa hivyo mtu anayeanza.

6. Na Canada au Ujerumani?

Canada humtaka mwanafunzi aonyeshe pesa za kuishi mbali na karo. Tangu Septemba 2025 mtu mmoja huonyesha dola za Canada 22,895, na familia ya watu wanne 42,543. Kibali cha kazi cha mwenzi nacho kilibanwa Januari 2025. Si kila kozi sasa humpa mume au mke ruhusa ya kufanya kazi. Kozi fupi ya chuo kidogo iliyouzwa kama "njia ya familia" haiwi njia tena kwa wengi.

Ujerumani, mlango mkuu ni lugha. Watu walisherehekea mkataba wa wafanyakazi uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na nambari ya kazi 250,000 ikazunguka kila kijiji. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: mkataba hauna nambari kama hiyo. Muuguzi anahitaji Kijerumani cha daraja la kati, B1 au B2, na kwa kawaida mwenzi anayefuata hutakiwa kuonyesha A1, daraja la mwanzo kabisa, akiwa bado hapa. Hesabu miezi ya darasa kama gharama, kwa sababu ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Mke wangu alisoma A1 akiwa na mimba ya miezi saba, sitasema zaidi.

7. Nchi za Ghuba je?

Kazi za ndani na za ulinzi haziji na familia. Hilo liondoe mezani. Kwa kazi za ofisi au ufundi, Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka anayedhamini familia awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Huo ni mshahara wa kupata viza tu. Shule za watoto wa wageni kule ni za kulipia, na karo hula haraka kuliko kodi ya nyumba.

## Gharama

8. Kabla ya kupanda ndege tunatumia pesa kwa nini hasa?

Pasipoti kwanza. Tangu Machi 2024 ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,550, na kila mtoto huchukua yake, hata wa miezi mitatu. Watu wanne ni 30,200. Maombi ni kupitia eCitizen, na si lazima uende Nyayo House, Nairobi: Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kisii zina ofisi. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ni shilingi 1,050, na alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre.

Kinachowashangaza watu wa huku ni safari za Nairobi. Kipimo cha kifua kikuu ambacho Uingereza hutaka kwa anayekaa zaidi ya miezi sita, alama za vidole za viza, mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje: kila kimoja kina siku yake, na watoto lazima wawepo kwa baadhi yake. Nauli ya basi kutoka Kisumu, mara wanne, mara safari tatu, pamoja na kulala kwa shangazi Kayole. Cheti cha homa ya manjano kikishatolewa sasa ni cha maisha, kwa hiyo kile cha zamani usikitupe.

9. Ada ya afya ya Uingereza ni kiasi gani?

Pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, tangu Februari 2024, na hulipwa yote kwa mkupuo unapoomba viza. Wazazi wawili na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 10,866. Hiyo ni karibu shilingi milioni 1.85 kabla hujanunua hata tiketi. Walio kwenye viza ya wahudumu wa afya, pamoja na familia zao, husamehewa. Msamaha huu peke yake hubadilisha hesabu nzima ya familia ya muuguzi.

10. Nyumba tutaipataje tukiwa bado hapa?

Usilipie nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani yake. Panga mahali pa mwezi mmoja, kisha tafuta ukiwa huko. England dipoziti ya nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki tano. Ujerumani inaweza kufika miezi mitatu ya kodi tupu, yaani bila joto na maji.

Na Ujerumani kuna kioja. Nyumba nyingi hukodishwa bila jiko. Sizungumzii meko tu. Hakuna sinki, hakuna kabati, wakati mwingine hata taa dari hazina, nyaya zinaning'inia. Tulipofungua mlango mara ya kwanza mke wangu aliuliza kama tumeibiwa. Wiki tatu tulipika ugali kwa jiko dogo la stima lililowekwa juu ya sanduku. Uliza "ina jiko?" kabla ya kuuliza bei.

11. Malezi ya watoto yanagharimu vipi?

Hapa ndipo mpango wa familia changa huvunjika. Hapa una msichana wa kazi, au mama mkwe, au jirani. Huko mtoto asiyefikia umri wa shule ni bili, na inaweza kukaribia kodi ya nyumba. England watoto wa miaka 3 na 4 hupata saa 15 kwa juma bila malipo wakati wa muhula, lakini zamu ya kazi haiishii kwenye saa 15. Wazazi wengi wa huko hupishana: mmoja zamu ya usiku, mwingine mchana, wanakutana mlangoni. Shule za serikali zenyewe ni za bure Uingereza na Ujerumani.

Usitegemee posho za watoto. Uingereza viza nyingi za kazi hukuzuia kudai msaada wa serikali. Ujerumani mambo ni mepesi kidogo: mwenye kibali cha kazi kwa kawaida hupata posho, euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi mwaka 2025.

12. Tuuze shamba, tukope sacco au tufanye harambee?

Harambee ina deni lisiloandikwa. Waliochanga watapiga simu, na hawatakosea. Mkopo wa sacco una wadhamini, na wadhamini ni walimu wenzako ambao mishahara yao itakatwa ukinyamaza. Shamba la urithi ningeligusa mwisho kabisa. Ukilazimika, kodisha kwa misimu mitatu badala ya kuuza. Miwa na mahindi yatasubiri.

## Usalama wa pesa na wa watoto

13. Nitajuaje kama ajenti ni wa kweli?

Angalia jina lake kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kisha mwangalie mwajiri: Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wote walio na leseni ya kudhamini wageni, na kila mtu anaweza kuisoma. Malipo yaende kwa kampuni yenye risiti. Nambari ya simu ya mtu binafsi si akaunti ya kampuni. Anayekuhimiza ulipe leo kwa sababu "nafasi zinaisha Ijumaa", mwache na Ijumaa yake.

Usidhani kwamba mpango wenye watu wengi ni salama kwa sababu ya wingi wao. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipia masomo ya watoto wao Finland na Canada. Walikuwa mamia. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa jamaa fulani shilingi 15,000 anisukumie miadi ya ubalozi. Miadi ilikuwa ya bure, na niliipata mwenyewe baadaye.

14. Watoto wetu watabaguliwa?

Pengine, wakati mmoja au mwingine. Kijana wangu aliitwa jina baya mwaka wa kwanza, na shule ilishughulikia ndani ya siku mbili. Wengine hawabahatiki hivyo. Kabla ya kuchagua nyumba, uliza kama kuna familia nyingine za Kiafrika shuleni, na mfundishe mtoto sentensi ya kusema na mtu mzima wa kumwendea. Na akija nyumbani amenuna, muulize.

15. Ni kweli nikimchapa mtoto nitachukuliwa watoto?

Sheria ya Ujerumani inamhakikishia mtoto malezi yasiyo na kipigo tangu 2000. Scotland ilipiga marufuku Novemba 2020, Wales Machi 2022. Kofi moja kwa kawaida halimwondoi mtoto nyumbani, lakini mwalimu akiona alama ataripoti, watu wa ustawi watakuja, na faili litafunguliwa. Faili hilo ukiwa kwenye viza ni mzigo. Sheria yetu ya Watoto ya 2022 nayo haina huruma na kipigo, ila huku majirani hawapigi simu.

Jambo linalowanasa wengi zaidi ni kumwacha mtoto wa miaka saba na mdogo wake ili mama akimbilie zamu. Hapa jirani angetupa jicho. Huko ni kosa mtoto akiwa hatarini, hata kama hakuna kilichotokea.

## Mambo ya pembeni

16. Mzazi mwenzangu hayupo, au hataki. Naweza kuondoka na mtoto?

Pasipoti ya mtoto huhitaji ridhaa ya wazazi, na balozi nyingi huulizia tena. Kama mwenzako alifariki, cheti cha kifo. Kama mnagombana, amri ya mahakama ya watoto, na anzeni mapema. Usijaribu njia ya mkato kupitia Busia.

17. Tunawaacha wazazi wazee. Tuwapangie nini?

Walipie SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kisha mteue mtu mmoja tu anayepokea pesa za matibabu, la sivyo homa moja ya mama italipiwa na ndugu wanne. Nyaraka za ardhi ziachie wakili ukiwa na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa.

18. Mtu akifia huko?

Watu huona haya kuuliza, kisha hunivuta pembeni. Kwetu Waluo mtu huzikwa dala, yaani bomani kwao, na Waluhya wengi hawako mbali na hapo. Kusafirisha mwili ni gharama kubwa sana, na ikiwakuta bila mpango, familia huchangisha wiki nyingi huku mwili uko mochari ya kigeni inayotoza kila siku. Jiunge na kikundi cha ustawi cha Wakenya wa mji huo wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua televisheni, au chukua bima inayolipia kurudisha mwili. Soma masharti kama inagusa watoto pia.

Zungumzeni waziwazi kuhusu mahali. Kesi ya wakili S. M. Otieno ilichukua miezi mitano kabla hajazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, na yeye alifia karibu na Nairobi tu. Mjane alisema hili, ukoo ukasema lile. Ongezeni bahari kati yao muone.

19. Tutapoteza uraia wa Kenya?

Hapana. Katiba ya 2010 humruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki Mkenya akichukua uraia mwingine, na mtoto anayezaliwa ng'ambo na mzazi Mkenya ni Mkenya. Uraia mpya unapaswa kuutangaza kwa Uhamiaji ndani ya miezi mitatu. Mwenye ndoto ya ugavana ajue kwamba wadhifa wa serikali hauendi na uraia pacha.

20. Kwa nini hakuna anayetaja Kampala au Kigali?

Kwa sababu hakuna theluji ya kupigia picha. Lakini Uganda na Rwanda mtu mzima huingia kwa kitambulisho, na nchi hizi tatu zimefutiana ada ya kibali cha kazi, ingawa kibali chenyewe bado huombwa. Mshahara hautakupandisha mno. Ila bibi anaweza kuja kulea mjukuu kwa basi, na hesabu ya swali la 11 inafutika.

21. Tukishindwa, tutarudije?

Weka pesa za tiketi za kurudi za watu wote, kwenye akaunti ambayo haina kadi. Sisi tuliitumia. Shuleni, leteni ripoti zote za kila mwaka, zenye tafsiri kama si za Kiingereza, na mtafute nafasi kabla muhula haujaanza. Binti yangu alirudi akiwa na miaka kumi, hesabu zake ziko juu, Kiswahili chake kimepauka. Mwalimu wake wa Mamboleo alimkalisha karibu na msichana mmoja mwenye maneno mengi, na kufikia muhula wa pili alikuwa akinisahihisha mimi.